Jembe na Nyumba: Mgombea wa Bunge na Mambo ya Jimboni katika Uchaguzi wa 1965

Uchaguzi wa Bunge uliofanywa Tanzania Bara mwezi wa Septemba 1965 ulikuwa na sura isiyo ya kawaida. Katika majimbo karibu yote walisimama watu wawili wa chama kimoja, wenye kadi ya TANU kila mmoja, walioapa kufuata siasa ile ile na kumtii kiongozi yule yule. Mmoja alipewa alama ya jembe, wa pili alama ya nyumba, kisha wakapelekwa pamoja mbele ya watu ili wachaguliwe. Swali ambalo mwanahistoria hana budi kujiuliza ni hili: watu wawili ambao hawakuruhusiwa kupingana katika jambo lo lote kubwa la nchi, walisema nini jukwaani? Jibu ni kwamba walisema habari za maji, barabara, zahanati na bei ya mazao. Na kwa kuwa walisema hayo, wapiga kura walipata kipimo ambacho hapo kabla hawakuwa nacho.

Yafaa kukumbuka hali ilivyokuwa kabla ya hapo. Katika uchaguzi wa 1960 vilikuwapo viti 71, na katika viti 58 hapakuwa na upinzani wo wote. Mtu wa TANU alitangazwa mbunge bila ya kura moja kupigwa. TANU ilichukua viti 70. Kiti kimoja tu, cha Mbulu, kilikwenda kwa Herman Sarwatt, aliyesimama kwa nafsi yake, naye pia alikuwa mwanachama wa TANU. Basi nguvu ya chama ndiyo iliyowanyima watu nafasi ya kuchagua. Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili wazi, na mwezi wa Januari 1964 iliundwa Tume chini ya uenyekiti wa Rashidi Kawawa kutazama namna ya kuweka demokrasia ndani ya mfumo wa chama kimoja. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1965, na Katiba ya Muda ya Julai mwaka huo ikaifuata.

Utaratibu uliotokana na hayo ulikuwa hivi. Mtu aliyetaka kusimama alihitaji kuungwa mkono na wapiga kura 25. Majina yalipelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa TANU wa Wilaya, wajumbe wakapiga kura za siri, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, mara nyingi wale wale waliotangulia katika kura za wilaya. Kutoka hapo mgombea hakuwa tena na uhuru wa kujiendeshea mambo. Hakuweza kuitisha mkutano wake mwenyewe, wala kutumia fedha zake kujitangaza. Mikutano iliandaliwa na chama wilayani. Wagombea walisafiri pamoja, wakapanda jukwaa moja, wakasikilizana, wakaulizwa maswali na watu wale wale. Ilikatazwa kutaja kabila, rangi au dini. Ilikatazwa pia kudai kwamba Rais au chama kinampenda mmoja kuliko mwenziwe.

Hapa lugha yenyewe ina neno la kusema. Mgombea, kwa asili ya neno, ni mtu anayegombea kitu, yaani anayeshindania kitu hata kwa ugomvi. Shina lake ni lile lile la kugomba na kugombana. Walakini kanuni za 1965 zilimtaka mgombea agombee bila ya kugombana. Kura nalo ni neno la Kiarabu ambalo maana yake ya zamani ni bahati nasibu ya kugawana vitu, jambo lisilotegemea hiari ya mtu hata kidogo. Na jimbo, ambalo wakati wa ukoloni liliitwa eneo kubwa kama Jimbo la Ziwa, lilikuwa limekwisha kupungua likawa sehemu inayopeleka mtu mmoja Bungeni. Maneno matatu ya zamani yalivishwa kazi mpya kwa muda wa miaka michache, na watu wakayaelewa.

Alama za jembe na nyumba zilichaguliwa kwa sababu wapiga kura wengi hawakujua kusoma, na kwa kuwa ni vitu ambavyo kila mtu anavyo na havina lawama. Lakini ni nadra alama kubaki kimya mbele ya Waswahili. Mwenye jembe alikuwa na hoja tayari mkononi: jembe ndilo linalolisha watu, na taifa limeambiwa Uhuru na Kazi. Mwenye nyumba alimjibu kwamba mkulima akitoka shamba hurudi nyumbani, na jembe lenyewe hulazwa ndani ya nyumba. Msomi anaweza kuyaona maneno haya kuwa ni mzaha. Hata hivyo mtu aliyelelewa katika mafumbo na majibizano ya ngoma atatambua mara moja kwamba huo ni utani wa kujibizana, na kwamba msikilizaji alikuwa akipima wepesi wa akili ya msemaji. Mahali ambapo siasa ya nchi haikuweza kubishaniwa, fumbo lilipata nafasi pana kuliko ilivyostahili.

Jambo zito zaidi ni kwamba kampeni ilitakiwa kufanywa kwa Kiswahili peke yake. Kusudi lilikuwa kuzuia ukabila, na hapana shaka lilisaidia. Lakini fikiria maana yake mahali kama Usukumani au Buhaya. Kisima kilichokauka, daraja lililochukuliwa na maji, mzani wa pamba usioaminika: mambo haya husemwa nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Ili yafike jukwaani yalipaswa kuvuka mpaka wa lugha. Mgombea aliyekaa mjini siku nyingi alikuwa na Kiswahili kizuri lakini hakujua kisima kiko wapi. Mwenziwe wa kijijini alikijua kisima, na huenda ulimi wake ulikuwa mzito. Kwa upande mwingine, malalamiko yaliyosemwa kwa Kiswahili hayakubaki kuwa malalamiko ya kabila fulani. Mtu wa Rufiji aliyedai barabara alitumia maneno yale yale ya mtu wa Ukerewe, na kwa hiyo dai lake likawa dai la raia. Katika historia ya Kiswahili kama lugha ya taifa, mikutano hii yastahili kuhesabiwa pamoja na shule na redio.

Matokeo yalishtua wengi. Mawaziri wawili na mawaziri wadogo sita walishindwa, na wabunge wa zamani wengi waliosimama tena hawakurudi. Aliyezungumzwa zaidi ni Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyeanguka Mwanza. Huyu hakuwa mgeni Usukumani. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, na shirikisho lao la Victoria lililoundwa mwaka 1955 lilikuwa kazi ya mikono yake. Lakini mkulima anayepokea fedha pungufu kwa ajili ya makato haulizi ni nani aliyeanzisha ushirika. Huuliza ni nani anayekata. Bomani alikuwa na ushirika nyuma yake na hazina ya serikali mkononi mwake, na vyote viwili vilimlemea. Yakini malalamiko juu ya ushirika hayakuwa ya kubuni, kwani mwaka 1966 serikali yenyewe iliunda kamati maalum kuuchunguza.

Bibi Titi Mohamed, ambaye sauti yake iliwaingiza wanawake wengi katika TANU tangu 1955, alishindwa Rufiji. Yeye alikuwa mzaliwa wa Dar es Salaam, na sifa za kupigania uhuru, ijapokuwa zilikuwa kubwa, hazikumtosha. Na asije mtu akadhani kwamba kura zilifuata damu tu. Derek Bryceson, Mzungu, alimshinda kwa kura nyingi Mwafrika aliyeshindana naye Dar es Salaam. Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alishinda Morogoro. Kosa ambalo wapiga kura walilikataa zaidi lilikuwa kutoonekana. Mbunge aliyekwenda Dar es Salaam na kurudi wakati wa kura tu, alikuta watu wamemsubiri.

Lakini ipo kasoro katika jambo hili ambayo haifai kufichwa. Mbunge hakuwa na fedha ya kuchimba kisima wala madaraka ya kuamrisha barabara ikatwe. Mipango ilitoka katika Wizara na katika chama. Matumizi ya fedha za umma yalipendekezwa na serikali peke yake. Hivyo mgombea aliahidi kitu ambacho hakuwa nacho, na mpiga kura alimhukumu kwa kitu ambacho hakuweza kukifanya. Alichoweza kufanya ni kusema Bungeni, na kusema nako kulikuwa na mpaka. Mwezi wa Oktoba 1968 wabunge kadhaa waliojulikana kwa ukali wa ulimi walifukuzwa katika TANU, na kwa kupoteza uanachama wakapoteza viti, ijapokuwa hakuna mpiga kura wa jimboni aliyeulizwa. Siku ile ilidhihirika kwamba mbunge alikuwa na mabwana wawili, na ni yupi mwenye nguvu zaidi.

Jembe na nyumba ziliendelea kutumika katika chaguzi za chama kimoja hata ile ya 1990. Sheria ya vyama vingi ilipopitishwa mwaka 1992, na uchaguzi wa 1995 ukafanywa chini yake, ilani zilikuwa nyingi. Mambo ya maji na barabara yalibaki pale pale, na wagombea wakapata neno lingine: walianza kujinadi, neno linalotoka sokoni kwenye mnada. Palizuka pia takrima, zawadi za mgombea kwa wapiga kura, zilizoruhusiwa na sheria mwaka 2000 na kufutwa na Mahakama Kuu mwaka 2006. Mwaka 2009 Bunge likatunga sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Kwa mara ya kwanza mtu aliyeahidi kisima alitengewa fedha za umma za kukisaidia, zigawanywe na kamati ambayo mwenyekiti wake ni mbunge mwenyewe, yaani yule yule atakayesimama tena mbele ya watu wa kisima hicho uchaguzi utakapofika.