Picha za Angani na Uwanja wa Al-Qadisiyya

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad:

Kila mwanafunzi wa tarikh anavijua vita vya Al-Qadisiyya, ambamo Waislamu chini ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.) walilishinda jeshi la Wafursi la Rustam, katika ukhalifa wa Umar (r.a.). Wanahistoria wamekhitilafiana juu ya mwaka wake, baina ya 14 na 16 Hijria. Mahali pake hasa palikuwa pamepotea.

Novemba 2024, wataalamu wa mambo ya kale wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, na Chuo Kikuu cha Al-Qadisiyah, Iraq, walitangaza kuwa wamepatambua. Walikuwa wakichora ramani ya Darb Zubayda, njia ya mahujaji kutoka Kufa hadi Makka. Walitazama picha zilizopigwa na satelaiti za kijasusi za Marekani miaka ya 1970, ambazo zamani zilikuwa siri. Wakaona ukuta wa safu mbili, wenye urefu wa kilomita 10 hivi, ukiunganisha ngome iliyo ukingoni mwa jangwa na mji uliokuwa kwenye ardhi ya mashamba, kiasi cha kilomita 30 kusini mwa Kufa. Wenzao wa Iraq walipofika huko, waliokota vigae vya zama zile.

Je, picha peke yake ingetosha? Hapana. Picha inaonesha ukuta, haitaji jina. Majina ya Al-Qadisiyya na Al-Udhaib, handaki, ngome na mto, yote yamo katika vitabu vya wanavyuoni wetu, kama At-Tabari (aliyefariki 310 Hijria). Mafakihi wangeiita picha hii qarina: dalili ya hali, ambayo Ibnul-Qayyim aliieleza kwa kirefu katika At-Turuq al-Hukmiyya. Qarina huipa nguvu habari, na habari huipa qarina maana.

Tena tuzingatie: sehemu kubwa ya athari hizo imekwishamezwa na kilimo tangu picha zipigwe. Lau si picha za zamani, macho yasingeziona. Na lau si vitabu, akili isingezitambua. Basi enyi wanafunzi, msiidharau elimu ya kisasa, wala msiviache vitabu vya wazee wetu vikaliwa na mchwa. Kimoja kikipotea, kingine kinakuwa bubu.

Wallahu aalam.