Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki

Wanaoiadhimisha tarehe 1 Januari 2005, siku ulipoanza kazi Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, aghalabu huisahau nasaba yake, ambayo ni kongwe kuliko dola zilizoutia sahihi. Maana forodha za Kenya na Uganda ziliunganishwa tangu 1917, na Tanganyika ikafuata katika miaka ya ishirini. Lakini umoja ule ulikuwa amri ya mkoloni, wala wenyeji hawakutakwa shauri, na faida yake kubwa ilikusanyika Nairobi, palipokuwa na walowezi na viwanda.

Baada ya uhuru, Nyerere, Kenyatta na Obote walitia sahihi mkataba mpya, ulioiunda Jumuiya ya Afrika Mashariki, mjini Kampala tarehe 6 Juni 1967, na ndani yake mlikuwamo jambo la insafu ambalo nalistahi hata leo: kodi ya uhamisho, iliyoiruhusu nchi iliyopungukiwa katika biashara na jirani zake kuzitoza baadhi ya bidhaa zao za viwandani, ili viwanda vyake vichanga vipate kusimama. Haikutosha. Idi Amin alipoitwaa Uganda mwaka 1971, marais watatu hawakuketi tena baraza moja. Manung'uniko ya nani anafaidi zaidi yakazidi, shirika la ndege likavunjika, na Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, usifunguliwe hadi Novemba 1983.

Ikabaki mirathi. Mabehewa, meli, majengo na madeni ya Jumuiya iliyokufa yalihesabiwa kwa miaka kadhaa na msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, mpaka mapatano ya kugawana yakatiwa sahihi Arusha mwezi Mei 1984. Katika hati ile ile ya kutengana, warithi waliandika kifungu cha kuahidi kutafuta njia za kushirikiana tena. Na mimi nahesabu kwamba Umoja wa leo ulitungwa mimba katika kifungu kile, kabla ya mkataba wa Jumuiya mpya uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999.

Itifaki ya forodha ya Machi 2004 iliweka ushuru mmoja kwa bidhaa za kutoka nje: malighafi bure, bidhaa za kati asilimia 10, zilizokamilika asilimia 25. Wala kosa la zamani halikusahauliwa, kwani kwa miaka mitano baadhi ya bidhaa za Kenya zililipa ushuru uliopunguzwa mwaka hata mwaka zilipoingia Uganda na Tanzania, hali bidhaa za nchi hizo ziliingia Kenya bila ushuru. Rwanda na Burundi zikaingia katika Umoja mwaka 2009.

Hata hivyo vizuizi vingi vingali hai katika vibali, katika mizani za barabarani na katika ukaguzi wa kurudiwarudiwa, na anayeumia kwanza ni mchuuzi mdogo, yule mama anayevuka kutoka Holili kwenda Taveta na matenga mawili ya nyanya, akaogopa dirisha la forodha kwa kudhani kwamba ni la wenye malori. Basi msomaji, ukimjua mtu wa namna hii, mwambie habari hii: bidhaa zilizotoka katika nchi za Jumuiya, zikiwa katika orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000 za Kimarekani, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa, na cheti hicho hutolewa pale pale mpakani.