Barabara Inayopasuliwa Kabla Haijapasuka

Kuta za Kilwa na Gedi zilijengwa kwa chokaa iliyochomwa kutoka kwenye matumbawe, na Warumi walikuwa wakichoma chokaa yao karne nyingi kabla ya hapo. Kugandisha ardhi na mawe kwa unga uliopita motoni, basi, ni ujuzi wa kale. Kipya ni kuuchukua udongo uleule uliolala njiani, kuuchanganya na chokaa au saruji, kuushindilia na kuufanya tabaka la msingi chini ya lami. Tangu mwanzo tabaka hilo limekuwa na tabia moja: hupasuka.

Joseph Aspdin alipata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824, lakini karibu karne nzima ilipita kabla haijaingia kwenye udongo wa barabara. Mwaka 1915, huko Sarasota, Florida, mkandarasi mmoja alichanganya mchanga, makombe ya baharini na saruji kwa plau, akajenga mtaa. Kazi za namna hiyo zilikuwa za kubahatisha, kwani hakuna aliyejua udongo unataka maji kiasi gani. Mwaka 1933 Ralph Proctor wa California akaonyesha kwamba kila udongo una kipimo chake cha maji kinachoufanya ushindilike kuliko vipimo vingine vyote. Miaka 2 baadaye, karibu na Johnsonville, South Carolina, kikajengwa kipande cha barabara kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa udongo-saruji wa kisayansi.

Wamarekani walibuni na jaribio lao: sampuli inaloweshwa na kukaushwa mizunguko 12, kila mara ikisuguliwa kwa brashi ya waya, kisha kinapimwa kilichomomonyoka. Lilikuwa jaribio zuri, ila kwa maoni yangu lilizaa tabia mbaya. Mhandisi aliyeogopa brashi aliongeza saruji. Vita Kuu ya Pili ilipotaka viwanja vya ndege vijengwe haraka, nguvu ikawa ndiyo kipimo cha ubora, na baada ya vita fikra hiyo ikasafiri hadi Afrika, ambako mawe yaliyopondwa mara nyingi yako mbali na moramu iko karibu kila mahali.

Nguvu hiyo ndiyo iliyowaponza wahandisi. Saruji inapokomaa na maji yanapokauka, tabaka hunywea kama tope la bwawa wakati wa kiangazi, lakini haliko huru kusogea kwa sababu limeng'ang'ania ardhi iliyo chini yake. Mvutano unajikusanya. Tabaka dhaifu hukata tamaa mapema: hupasuka kila baada ya hatua chache, na kila ufa huwa mwembamba, kingo zake zikiumana kiasi kwamba uzito wa lori huvuka bila taabu. Tabaka gumu huvumilia kwa mita nyingi, kisha huachia ghafla kwa ufa mpana. Ufa huo hupanda hadi juu ya lami, mvua huingia, magurudumu hukamua maji pamoja na chembe laini za udongo, na shimo huzaliwa. Mfinyanzi ukiwa mwingi, au fundi wa boza la maji akizidisha kumwaga, unyweaji huongezeka.

Afrika Kusini ilijibu kwa kulishusha tabaka la saruji chini na kuweka mawe yaliyopondwa na kushindiliwa kwa ustadi kati yake na lami, ili ufa ufie humo. Viwango vyake vikaweka pia dari ya nguvu: daraja la C4 lisizidi megapaskali (MPa) 1.5, la C3 lisizidi MPa 3. Tanzania, katika mwongozo wake wa usanifu wa mwaka 1999, ina C1 ya MPa 1 na C2 ya MPa 2.

Wafaransa walikwenda mbali zaidi. Baridi kali ya 1962–63 iliharibu barabara zao, wakaziimarisha kwa changarawe ya saruji, nayo ikapasuka. Hapo wakabuni mashine zinazochora mfereji mwembamba katika tabaka bichi kila mita chache na kuingiza lami ya maji, ili ufa uzaliwe pale walipotaka wao. Waaustria wakapata njia rahisi kuliko hiyo, nayo Texas ikaichukua na kuipima mwanzoni mwa miaka ya 2000: siku 1 hadi 3 baada ya kushindilia, rola zito la mtetemo linarudishwa juu ya tabaka changa, polepole, mpaka ugumu wake upungue sana. Hutokea nyufa ndogo mno zisizohesabika. Kisha tabaka humwagiwa maji tena na sehemu kubwa ya nguvu hurejea. Mkandarasi asiyeelezwa sababu angedhani mhandisi mshauri amerukwa na akili.

Lakini saruji haipunguzwi bila kikomo. Udongo hula kwanza sehemu ya chokaa au saruji kabla ya kuanza kuganda, na katika miaka ya 1980 watafiti wa Afrika Kusini walieleza adui mwingine: hewa ya kaboni, inayolirudisha tabaka jembamba la juu kuwa vumbi. Kemikali iitwayo fenolfthalini humwagwa kukagua. Palipo pazima hugeuka waridi, palipooza hubaki hivyo hivyo. Kulowesha na kuacha kukauke, kisha kulowesha tena, huharakisha uozo huo na unyweaji pia. Kwa hiyo boza linalopita asubuhi na kutoonekana hadi jioni hudhuru mara mbili, na mara nyingi ni afadhali tabaka lifunikwe kwa lami nyepesi mapema, likiwa bado na unyevu.