Gari linalokaa bila kuendeshwa: namna ya kulitunza

Kila mwezi wa Disemba magari mengi yaliyokaa bandani tangu Januari hupanguswa vumbi, hupakiwa familia na mizigo, na kuelekezwa katika safari ndefu: Nairobi hadi Mombasa, Dar es Salaam hadi Moshi, Kampala hadi Mbarara. Wenyewe wamewasili kutoka London, Dubai, Muscat au Minneapolis kwa likizo ya majuma matatu.

Machoni mwao gari hilo bado ni jipya, maana mita yake inaonyesha kilomita chache.

Lakini mita hupima jambo moja tu. Zipo sehemu za gari zinazochakaa kwa mwendo, na zipo zinazochakaa kwa kupita kwa siku, gari litembee au lisitembee: mipira yote, vimiminika vyote, betri, na kila chuma kinachofikiwa na unyevu. Kwa hiyo gari linaloendeshwa kwa nadra, liwe la mtu aishiye ng'ambo, la matembezi ya mwisho wa juma au la kukimbizwa katika viwanja vya mbio, lina maradhi yake, mbali na yale ya teksi au daladala. Na tiba ambayo watu wengi huitumia huyazidisha.

Kuwasha na kuzima

Tiba yenyewe inajulikana. Mpwa au mlinzi huachiwa ufunguo, akaagizwa aliwashe gari kila Jumamosi, liungurume dakika tano, kisha alizime. Nia ni njema, lakini injini haifaidiki.

Petroli inapoungua huzaa maji. Kila lita moja ya petroli hutoa takriban lita moja ya maji, nayo hutoka kama mvuke kupitia bomba la ekzosi. Injini ikiwa imepata moto barabara, mvuke huo huenda zake. Ikiwa baridi, sehemu yake hugeuka matone ndani ya ekzosi na kuanza kuila kwa kutu, na sehemu nyingine hupenya kwenye ringi za pistoni hadi kwenye oili, pamoja na petroli ambayo haikuungua.

Maji hayo hayatoki mpaka oili yenyewe ipate moto, na oili huchelewa kupata moto kuliko maji ya rejeta. Mshale wa joto unaweza kufika katikati ilhali oili bado ni vuguvugu. Dalili yake ni utando mweupe kama maziwa yaliyoganda chini ya kifuniko cha kujazia oili. Mwenye kuwasha gari dakika tano kila juma kwa mwaka mzima ameiwasha injini mara 52 na hajaipasha moto hata mara moja.

Katika Afrika Mashariki tatizo hilo hukuzwa na desturi moja ya gereji: kung'oa thamostati ili gari "lisichemshe". Kifaa hicho huyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto linalotakiwa. Kikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi kupita kiasi, na katika safari fupi maji hubaki ndani ya oili. Gari linalochemsha lina ugonjwa mwingine, aghalabu rejeta iliyoziba au feni mbovu, na huo ndio wa kutibiwa.

Njia zenye manufaa ni mbili. Ya kwanza ni kuliendesha gari kweli, barabarani, kwa muda wa nusu saa au zaidi, kila baada ya majuma mawili au walau mara moja kwa mwezi. Safari hiyo huikausha oili, hurejesha chaji ya betri, hufuta kutu kwenye diski za breki na kuyageuza matairi. Ya pili ni kulihifadhi ipasavyo na kutoliwasha kabisa hadi siku ya kulitumia.

Aliye mbali na kuchagua njia ya kwanza hana budi kukumbuka kwamba mpwa anahitaji fedha za mafuta na bima iliyo hai. Asipopewa, ataliwasha uani tu, au atajitafutia abiria wa kulipia mafuta hayo.

Betri

Gari lililozimwa halijalala. Kengele ya wezi, saa, kipokezi cha ufunguo na kompyuta zake huendelea kunywa umeme, kwa kawaida kati ya miliampea 20 na 50. Kiasi hicho ni kidogo, lakini hakikomi. Kwa miliampea 50, betri ya ampea-saa 45 hupoteza ampea-saa 1.2 kila siku, na itakuwa tupu katika siku 37. Na kabla haijafika huko itakuwa imeshindwa kuzungusha stata.

Betri yenye afya iliyojaa husoma karibu volti 12.6 gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Ikiachwa muda mrefu chini ya 12.4, fuwele za salfeti ya risasi hujijenga juu ya sahani zake na kukomaa, na baadaye chaja haiwezi kuziyeyusha zote. Ndiyo sababu betri iliyokwisha chaji kabisa mara mbili tatu hairudi tena kuwa ilivyokuwa.

Joto huharakisha mambo hayo, na wakazi wa Ghuba wanajua jinsi betri zisivyodumu huko. Baridi kali nayo ina hatari yake: betri tupu huweza kuganda na kupasuka katika majira ya baridi ya Minnesota, ilhali iliyojaa hustahimili.

Dawa rahisi ni kufungua waya wa hasi kabla ya kuliacha gari, baada ya kuhakikisha kwamba redio haitadai namba ya siri na kwamba milango itafunguka kwa ufunguo wa kawaida. Penye umeme wa uhakika, chaja ndogo ya kutunza betri, ile inayojipunguza yenyewe betri inapojaa, ni bora zaidi.

Petroli

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vyepesi na vizito. Vile vyepesi, ambavyo ndivyo hurahisisha kuwaka, huvukizwa kwanza. Vinavyobaki huungana na oksijeni na kufanya gundi inayoziba nozeli na, katika magari ya zamani, matundu madogo ya kabureta. Ndani ya miezi mitatu hadi sita mafuta huanza kudhoofika, na mapema zaidi penye joto.

Ethanoli imeongeza ugumu. Uingereza ilianza kuuza petroli ya kawaida yenye ethanoli hadi asilimia 10 mwezi Septemba 2021, na nchini Marekani mchanganyiko wa namna hiyo umezoeleka. Ethanoli hunyonya unyevu wa hewa, na magari ya kale yana mipira na tangi ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Mwenye gari la kale Uingereza afadhali anunue ile ya daraja la juu, ambayo ethanoli yake haizidi asilimia 5 kwa mujibu wa lebo ya pampu.

Kwa gari litakalokaa miezi, tangi lijazwe ili nafasi ya hewa yenye unyevu iwe ndogo, na dawa ya kuhifadhi petroli itiwe, kisha gari litembee kidogo ili dawa ifike hadi kwenye nozeli. Dizeli hudumu zaidi, ila maji yakituama chini ya tangi vijidudu huota hapo na kuziba filta.

Matairi

Tarehe 30 Novemba 2013, mwigizaji wa filamu Paul Walker na rafiki yake Roger Rodas, aliyekuwa usukani, walifariki dunia huko Santa Clarita, California, katika gari aina ya Porsche Carrera GT la mwaka 2005. Uchunguzi uliotangazwa Machi 2014 ulisema chanzo ni mwendo mkali, kati ya maili 80 na 93 kwa saa, mahali paliporuhusiwa maili 45. Lakini wachunguzi walitaja pia kwamba matairi yalikuwa na umri wa miaka tisa.

Ajali hiyo ilifaa kuwazindua wenye magari ya kutolewa mara moja moja. Tairi la gari la kila siku huisha meno kabla halijazeeka. La gari linalokaa huzeeka likiwa na meno yote, na mnunuzi anayelitazama hulisifu. Mpira hukauka kwa oksijeni, jua na joto, ukapoteza mshiko, na tabaka za ndani zikaanza kuachana.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni mwake. Baada ya herufi DOT huwapo tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe baada ya miaka sita, na karibu wote hukubaliana kwamba miaka 10 ndiyo mwisho. Tangu Februari 2021 Uingereza imepiga marufuku matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi.

Tairi likisimama mahali pamoja kwa miezi hubonyea upande mmoja, na gari hutetemeka. Kuongeza upepo kidogo kabla ya kuliacha gari, bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye tairi, husaidia. Upepo huo urudishwe kwenye kiasi chake kabla ya safari.

Breki

Katika yote, hapa ndipo penye hatari kubwa na ndipo panapopuuzwa zaidi, kwa kuwa gari lenye mafuta mabovu ya breki husimama vizuri kabisa mjini.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, hata kupitia mipira ya mabomba yake, gari likiwa limesimama. Maji hushusha kiwango chake cha kuchemka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni 155 tu.

Anayeshuka mlima Kitonga kutoka Iringa, au bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, huku akikanyaga breki mfululizo, anaweza kuzipasha joto la namna hiyo. Mafuta yakichemka hufanya mapovu ya mvuke. Mvuke hubonyezeka, jambo ambalo kimiminika hakifanyi. Kwa hiyo pedali huzama hadi sakafuni na gari halisimami.

Anayelikimbiza gari Silverstone au Dubai Autodrome hukutana na jambo hilohilo kwenye kona, baada ya mizunguko michache. Ndiyo maana wazoefu hubadilisha mafuta hayo kila msimu au mara nyingi zaidi, humaliza kwa mzunguko mmoja wa polepole ili breki zipoe, na hawavuti breki ya mkono zikiwa bado za moto.

Kwa gari la kawaida, miaka miwili ndiyo kanuni, hata kama limetembea kilomita 500 tu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya tairi moja. Na mteremkoni, gia namba mbili ifanye kazi ya kulizuia gari ili breki zipumzike.

Gari litakalokaa muda mrefu lisiachwe na breki ya mkono imevutwa, kwani pedi huweza kunata kwenye diski. Liachwe kwenye gia, au kwenye P, na magurudumu yatiwe kabari.

Vitu vya kalenda

Oili ibadilishwe mara moja kwa mwaka hata kilomita zisipotimia, na ni bora ibadilishwe kabla ya kulihifadhi gari, ili uchafu wenye asidi usilale ndani ya injini. Maji matupu ya bomba kwenye rejeta hutia kutu. Kiowevu maalumu cha rejeta nacho huisha nguvu baada ya miaka. Mkanda wa taiming una ukomo wa kilomita na ukomo wa miaka, wowote utakaotangulia, na katika injini nyingi ukikatika vali hugongana na pistoni.

Mfano mkubwa wa uharibifu wa kalenda ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Kijapani ya Takata. Kemikali ya kuijaza, nitrati ya amonia, iliharibika kwa miaka ya joto na unyevu, na mfuko ukifyatuka chombo chake hupasuka na kurusha vipande vya chuma. Nchini Marekani peke yake vifaa takriban milioni 67 viliagizwa virudishwe, na Takata iliomba hifadhi ya kufilisika Juni 2017. Magari ya Toyota, Honda, Nissan na Mazda yamo katika orodha hiyo. Mwenye gari lililoagizwa kutoka Japani likiwa limetumika, akiliweka Mombasa, Tanga au Unguja, ana sababu ya kuipeleka namba ya chesisi kwa mwakilishi wa kampuni iliyolitengeneza.

Kuhusu mahali pa kuliweka, inatosha kusema kwamba kivuli chenye hewa kinashinda turubai la nailoni, ambalo hufungia unyevu ndani, na kwamba panya hupenda nyaya.

Siku ya kulitoa

Gari lililokaa miezi lisianze na safari ndefu. Chini yake patazamwe kama pamevuja, vipimo vyote vya oili, maji na breki vikaguliwe, upepo upimwe, na boneti ifunuliwe kutafuta viota vya panya. Pedali ya breki ikanyagwe mara kadhaa injini ikiwa imezimwa. Ikiwa laini au ikizama polepole, gari lisitoke.

Kisha liendeshwe karibu na nyumbani kwa nusu saa, breki zikikanyagwa taratibu ili kutu ya diski ifutike, na likirudi litazamwe tena chini. Penye uwezekano, zipite siku mbili tatu za matembezi mafupi kabla ya barabara kuu. Tairi la akiba nalo lisomwe tarakimu zake: aghalabu ndilo kongwe kuliko yote, kwa kuwa halijaguswa tangu gari litoke Japani.