Getpass: mlinzi wa neno la siri aliyefikia kustaafu

Asubuhi moja ya ukungu mjini Makambako, pale barabara ya Songea na Njombe inapoungana na barabara kuu iendayo Tunduma, nilikuwa kwenye foleni ya kutoa hela kwa wakala. Mbele yangu alisimama mama aliyetoka kuuza viazi. "Kamwene, mama. Haya, weka namba ya siri," kijana wa kibandani alimwambia. Mama akavuta pembe ya kitenge, akafunika simu yake ya kitochi, akabonyeza tarakimu nne. Hakuifunua mpaka kioo kiliporudi kuonyesha saa.

Alikuwa na sababu. Ukipita kwenye menyu ya namba fupi, tarakimu za siri huonekana kwenye kioo jinsi unavyozibonyeza. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania Aprili 2008, vitenge, kofia na viganja vimekuwa vikifanya kazi ambayo kwenye kompyuta ilikwisha kukabidhiwa programu miaka mingi nyuma.

Neno la siri la kompyuta lilianzia katika chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo wa CTSS uliowawezesha watu wengi kutumia mashine moja, na kila mmoja akahitaji kufuli la mafaili yake. Wakati huo watu waliandika kwa mashine zilizochapa kila herufi kwenye karatasi. Neno la siri likichapwa, yeyote angeweza kuliokota kwenye pipa la taka. Kwa hiyo mfumo ulizima uchapaji kwa muda mtumiaji alipokuwa akiliandika. Hata hivyo siri ilivuja kwa mlango mwingine: mwaka 1966 mafaili mawili yalichanganywa kwa bahati mbaya, na orodha nzima ya maneno ya siri ikachapwa kwa kila aliyeingia kwenye mfumo.

Mwaka 1979 lilitoka toleo la saba la Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta. Ndani ya toleo hilo, miongoni mwa zana za lugha ya programu ya C, kulikuwa na kifungu kiitwacho getpass. Kazi yake ni rahisi kueleza: hufungua njia ya moja kwa moja kwenda kwenye kibodi na kioo cha mtumiaji, huzima mwangwi wa herufi, yaani kuonekana kwake kwenye kioo, husoma mstari mmoja, hurudisha mwangwi, kisha humwonyesha mwandishi wa programu mahali neno lilipowekwa.

Kwa zama zake, kilikuwa kifungu cha kutegemewa. Lakini kilizaliwa na kasoro tatu.

Ya kwanza ni urefu. Getpass ya asili ilichukua herufi nane tu, sawa na uwezo wa mfumo wa Unix wa kuficha maneno ya siri wakati huo. Mtu akiandika "Makambako2012", kinachobaki ni "Makambak". Mwenyewe anaamini ana kufuli la herufi kumi na tatu, kumbe tano za mwisho hazilindi chochote.

Ya pili ni chombo kimoja. Neno huwekwa katika eneo lilelile la kumbukumbu kila mara, na jipya hufuta la zamani. Fikiria programu inayosema: andika neno jipya, sasa rudia. Mwandishi asiponakili la kwanza kabla ya kuuliza la pili, atalinganisha neno na lenyewe. Yatafanana daima, hata kama mtumiaji amekosea.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi. Getpass ikimaliza kazi, neno hubaki kwenye kumbukumbu mpaka mwandishi wa programu akumbuke kulifuta.

Viwango vya Unix vya mwaka 1997 viliiweka getpass kwenye kundi la mabaki ya zamani, na vile vya mwaka 2001 vikaiondoa kabisa. Kwenye Linux bado ipo, na ukomo wa herufi nane umeondolewa, lakini mwongozo wake unasema imepitwa na wakati na isitumike. Watengenezaji wa mfumo wa OpenBSD walileta kifungu kingine, readpassphrase, ambayo humtaka mwandishi wa programu alete chombo chake na kutaja ukubwa wake. Kukifuta baada ya matumizi ni wajibu wa mwandishi huyo.

Wapo wanaosema: kama bado inafanya kazi, kwa nini iachwe? Hoja hiyo ina uzito kwa programu ndogo ya mtu mmoja. Lakini vijana wa Njombe wanaojifunza C leo wanaandika programu zitakazoshika akiba za vikundi na malipo ya chai na parachichi. Kwao ninasema bila kusita: getpass iheshimiwe kama historia, isiwekwe kwenye kazi mpya. Uzee si kosa lake. Kosa ni kwamba inaficha neno wakati wa kuandika, kisha inaliacha ndani likiwa wazi.

Yule mama wa viazi alijua sehemu zote mbili za ulinzi. Alifunika alipokuwa akibonyeza, na hakufunua mpaka alipohakikisha hakuna kilichobaki kwenye kioo.