Anita L. Allen

Anita LaFrance Allen (amezaliwa 1953) ni mwanafalsafa na mtaalamu wa sheria kutoka Marekani, anayejulikana hasa kwa maandishi yake kuhusu faragha. Alizaliwa Port Townsend, katika jimbo la Washington. Alipata shahada ya uzamivu ya falsafa katika Chuo Kikuu cha Michigan na shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1998 alijiunga na Chuo Kikuu cha Pennsylvania kama profesa. Mwaka 2010 Rais Barack Obama alimteua katika tume ya kumshauri kuhusu maadili ya tiba na sayansi.

Mawazo yake

Katika kitabu Uneasy Access (1988) alieleza kwamba mwanamke anaweza kushinda nyumbani bila kuwa na faragha ya kweli, kwa sababu muda wake huchukuliwa na mahitaji ya wengine.

Kitabu Unpopular Privacy (2011) kinauliza kama sheria inaweza kumlazimisha mtu awe na faragha asiyoitaka. Allen anajibu kwamba wakati mwingine inaweza, kwa kuwa faragha ni msingi wa uhuru na heshima ya mtu. Mfano ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozitaka tovuti zipate idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13. Ugumu unabaki kwamba ulinzi huo hupunguza uhuru wa kuchagua.