Tiba ya Viungo kwa Mtoto wa Mbwa Aliyeumia Kichwa

Kumfundisha upya kusimama na kutembea mtoto wa mbwa aliyeumia ubongo ni kazi changa, iliyozaliwa pale udaktari wa wanyama ulipokutana na tiba ya viungo ya binadamu. Kwa mfano, huko Westville, magharibi mwa Durban, fani hizo mbili zilifika kwa njia tofauti. Daktari wa wanyama wa hapo kwa kawaida amesomea Onderstepoort, karibu na Pretoria, ambako daktari wa wanyama Arnold Theiler alifungua maabara mwaka 1908 na kitivo cha udaktari wa wanyama kikafuata mwaka 1920; hadi leo Afrika Kusini haina kingine. Wataalamu wa tiba ya viungo ya binadamu, kinyume chake, hufunzwa papo hapo Westville, katika kampasi iliyojengwa enzi za ubaguzi wa rangi kwa ajili ya wanafunzi wa asili ya Kihindi. Mwaka 2004 chuo chenye kampasi hiyo kiliunganishwa katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal.

Elimu yenyewe ya jinsi ubongo unavyopona, hata hivyo, ilipitia kwa mbwa kabla ya kuwafikia watu. Mwaka 1881, kwenye mkutano wa kimataifa wa tiba jijini London, mtafiti Friedrich Goltz wa Strasbourg alimwonyesha mbwa aliyeondolewa sehemu kubwa ya gamba la ubongo na ambaye bado alitembea. Mtafiti mwenzake David Ferrier, aliyeshikilia kwamba kila eneo la ubongo lina kazi yake, alimjibu kwa kima aliyepooza upande mmoja. Ferrier alionekana kushinda, lakini swali la Goltz halikufa: mwili hupata wapi nguvu ya kurudia kazi iliyopotea? Wanyama hao walilipa gharama kubwa kwa swali hilo, na haki yao ni kutajwa. Katika miaka ya 1930 mtafiti Margaret Kennard alionyesha kwamba kima wachanga hupona majeraha ya ubongo vizuri kuliko wakubwa. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba si hivyo kila mara. Kwa hiyo utoto wa mbwa hutia tumaini bila kutoa dhamana.

Upimaji ulitoka kwa binadamu. Kipimo cha fahamu cha Glasgow cha mwaka 1974 kilirekebishwa kwa ajili ya mbwa mwaka 1983, kikawa na alama 3 hadi 18. Uchunguzi wa mbwa 38 uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria kwamba mwenye alama 8 ana nusu kwa nusu ya kuishi saa 48 za kwanza. Dawa za steroidi, zilizozoeleka kwa miongo mingi katika majeraha ya kichwa, zilipoteza heshima baada ya utafiti wa mwaka 2004 uliohusisha watu zaidi ya 10,000 kuonyesha kwamba ziliongeza vifo.

Mazoezi yalichelewa zaidi. Nchini Uingereza Charles Strong alihamishia kwa farasi tiba aliyoizoea kwa watu, lakini mbwa walisubiri hadi mkutano wa tiba ya viungo ya wanyama uliofanyika Corvallis, Marekani, mwaka 1999, na kitabu cha fani hiyo cha Millis, Levine na Taylor cha mwaka 2004.

Siku za kwanza baada ya jeraha, kazi ni ndogo na ya uangalifu. Kichwa huinuliwa nyuzi 15 hadi 30 bila kubana mishipa ya shingo, mgonjwa hugeuzwa kila baada ya saa chache ili asipate vidonda wala majimaji mapafuni, na viungo hukunjwa na kukunjuliwa taratibu. Hali ikitulia huketishwa, kisha husimamishwa kwa kitambaa kilichopitishwa chini ya tumbo, akisukumwa kidogo huku na huku ajifunze kuhamisha uzito. Baadaye hutembezwa juu ya fito zilizolazwa chini. Vipindi huwa vifupi, kwa kuwa mtoto huchoka upesi na mifupa yake bado inakua. Mazoezi ya majini huja mwisho, baada ya kuhakikisha kwamba anameza vizuri na hana kifafa. Na kwa kuwa kifafa chaweza kujitokeza miezi kadhaa baada ya jeraha, huendelea kuangaliwa hata akishatembea mwenyewe.